Jirani wa Shaame

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Konde, nimeinama juu ya fungu la mihogo, akapita mwanamke na kapu la mrehani mbichi. Harufu ikanifika puani kabla sijamwona mwenyewe, nikacheka peke yangu. Mjukuu wangu akaniuliza nacheka nini. Wenzangu wa umri wangu wakinusa mrehani hukumbuka harusi na vikuba vya maua vifuani. Mimi hukumbuka makaburi, na nikikumbuka makaburi yale hucheka. Nikamwambia mjukuu kuwa ni hadithi ndefu, twende zetu, jua linapanda. Lakini tangu siku ile haijanitoka, na sasa nimekaa kuisimulia kwa nyinyi ambao mlikuwa watoto nilipokuwa mtoto.

Makaburi ya ukoo wetu yalikuwa nyuma ya konde za mihogo, chini ya mizambarau, pahala ambapo mrehani ulijiotea wenyewe. Ukipita na kanga yako ikagusa, harufu hufuatana nawe mpaka nyumbani. Sisi watoto wa kike tulipita hapo kila siku kwenda kuokota kuni, na sikuwahi kupaogopa, mpaka alipozikwa hapo mdogo wangu, Shaame.

Shaame hakuwa hata ameng'oka jino la utoto. Alikuwa mwoga, Mungu amrehemu, mwoga wa kusifika. Alimwogopa jogoo, alimwogopa mbuzi, aliogopa mgeni akipiga hodi, na mara moja nilimwona akikimbia chafya yake mwenyewe. Hakuwa akilala ila akishika sikio langu. Mpaka leo naona sikio langu la kushoto limerefuka kidogo kuliko la kulia, ingawa wanangu wananiambia ni maneno yangu tu. Masika moja homa ikamshika, ikamchukua.

Mama hakulia mbele za watu. Wanawake waliokuja kutuhani msiba walimsifu kwa subira, na wakaondoka wakisema mwanamke yule ana moyo. Mimi niliyekuwa nikiishi naye niliona kitu chengine: aliacha kulitaja jina la mwanawe. Hakwenda makaburini, hata kupita. Alasiri moja alikuwa anakunja kikanzu cha Shaame, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nachambua mchele. Nikamsikia anasema, wala hapakuwa na mtu wa kuambiwa, "Na vile hawezi kukaa peke yake."

Maneno yale yakanikaa. Bibi, mama yake mama, alizoea kusema kwamba mtu huangalia jirani kabla ya nyumba, na kwamba hata maiti huombewa kulazwa karibu na watu wema. Baba alikuwa Wete kwenye kazi za karafuu, akirudi mara moja moja. Kaka sikuwa naye. Nikaona kazi ya kuangalia jirani wa Shaame imeniangukia mimi.

Upande wa kulia sikuwa na wasiwasi. Alikuwapo Bi Chumu, mama yake Bibi, ambaye nilimwahi mwenyewe. Alikuwa mkali na alitufinya sote, lakini Shaame hakumfinya hata siku moja, akimpa tende kwa siri. Upande wa kushoto ndiko kulikokuwa na shaka. Palikuwa na kaburi fupi lililopakwa chokaa, na kila nilipouliza ni la nani, nilijibiwa neno moja tu: "La askari."

Nilikwenda nikalala ubavuni pake kulipima. Miguu yangu ikapita. Nikalala tena, nikajikunja kidogo ili nimfanyie haki, ikapita vile vile. Nikanyanyuka nikajipangusa mchanga nikiwa na hakika kwamba askari yule alikuwa mdogo kuliko mimi. Askari niliyemjua ni polisi wa Konde, mwenye kaptula iliyotiwa wanga ikasimama kama mbao. Nikamchukua polisi yule kichwani mwangu, nikampunguza mpaka akanifika begani, nikampeleka kwenye vita vya Bama, vile vya Mngereza na Mjapani, vilivyokuwa vikitajwa na wazee. Nikamhurumia sana. Nikajiuliza ni mama gani aliyekubali kumtoa.

Hapa lazima nikutajieni Ami Faki. Alikuwa binamu yake baba, fundi cherehani, akishonea kwenye baraza ya duka la Muhindi mmoja pale Konde. Alikuwa na mguu mmoja, na kwa mguu huo mmoja aliendesha cherehani upesi kuliko mafundi wenye miwili. Ukimuuliza ule mwengine uko wapi, kila mtoto alimpa jibu lake. Binamu yangu Time aliambiwa umeazimwa na mtu wa Micheweni asiyerudisha vitu. Mimi niliambiwa umeliwa na papa, na kwamba papa mwenyewe baadaye aliomba radhi. Kwa hivyo mguu wa Ami Faki niliuweka kwenye fungu la mambo ya mzaha, sikuuhusisha na jambo lolote la maana. Nyinyi mnaosikiliza huenda mmeshafahamu. Mimi sikufahamu.

Nikaanza kupeleleza kama watu wanavyopeleleza mposaji. Wa kwanza alikuwa Bi Hija, jirani yetu, aliyekuwa akichoma vitumbua asubuhi na kujua habari za kila mtu mpaka jioni.

"Bi Hija, wamjua askari aliyezikwa kule makaburini?"

Akanitazama, kisha akakitazama kitumbua chake. "Namjua. Nani asiyemjua?"

"Alikuwa ntu wa namna gani?"

"Mwembamba. Mwenye nguvu. Hapendi kukaa pahala pamoja, muda wote yuko njiani."

"Mgomvi?"

"Akichokozwa hupiga. Lakini sifa yake ilikuwa mpira. Akishapiga yeye, kipa huenda kuuokota tu."

Nikafurahi, kwa sababu Shaame alipenda mpira wa makuti, mradi usirushwe upande wake. "Alikuwa na rafiki?"

"Alikuwa na mwenzake mmoja, hawaachani. Huyu akitangulia, yule yuwaja nyuma. Yule akitangulia, huyu yuwaja nyuma." Bi Hija akavuta ushungi akajifunika mdomo. Nilidhani ni moshi.

"Na alipokufa, nani alimswalia?"

Akageuza kitumbua. "Hakuswaliwa."

Alilisema jambo hilo kama anavyosema mtu kwamba hakutia iliki. Nikaenda kwa Bibi, nikamuuliza kama ni kweli askari hakuswaliwa. Bibi alikuwa anasuka ukili, na aliponijibu hakuinua kichwa. "Ni kweli. Wewe nani aliyekwambia mambo hayo? Nenda kateke maji."

Nikaenda kuteka maji nikilia. Maana mtu hata awe mwizi huswaliwa. Mlevi mmoja wa kijiji cha jirani, aliyekuwa akitukana mpaka siku ya Idi, aliswaliwa, na watu wakajaa. Huyu alifanya nini hata wakamnyima? Na hapo ndipo walipomlaza mdogo wangu, anayemkimbia mbuzi.

Nilibaki na mtu mmoja wa kumuuliza, Maalim Khatib, aliyetusomesha chuoni. Hakuwa mtu wa kwetu kwa asili. Alikuja kwa kuoa, na habari za kale za kijiji hakuzijua. Nikangoja amalize kunisikiliza sura yangu, nikamuuliza Muislamu asiyeswaliwa akifa ni Muislamu gani.

Maalim alifurahi mno. Nadhani hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza suali pasina kulazimishwa. Akaweka bakora chini. "Huyo ni shahidi, Raya. Aliyeuawa vitani katika njia ya Mwenyezi Mungu. Haoshwi wala haswaliwi. Huzikwa na nguo zake, na damu yake ni ushahidi wake."

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti iliyowaamsha waliosinzia. Kumbe. Mtoto mdogo, askari, shahidi. Shaame kalazwa ubavuni mwa shahidi, na sisi tunakaa na huzuni.

Furaha ile sikuweza kuibeba peke yangu. Nikamwambia Time tu. Time akawaambia wenzetu wa chuoni, chuo kikarudi majumbani, na majumba yakakutana kisimani. Wazee waliojua ukweli walikuwapo, lakini Bi Hija alikuwa anaona raha kuliko mtu yeyote kaskazini yote, na Bibi alidhani upepo huo utapita. Haukupita. Siku ya pili nikakuta mashada ya mrehani juu ya kaburi fupi. Baadaye pakawa na chetezo na ubani. Kisha mama mmoja akaja kutoka ng'ambo ya Konde na mtoto aliyechelewa kutembea, akamkalisha pale pembeni amuombee. Katika mashahidi wote wa dunia, sijui nani alimwelekeza kwa huyu.

Nyinyi mnazikumbuka siku zile za vyama. Watu walikuwa hawanunuliani samaki, hawazikani, na hata visima viligawanywa. Basi bibi mmoja akauliza shahidi huyu alikuwa chama gani. Akajibiwa kwamba alikufa kabla ya vyama. Hilo likaleta maneno mengine, maana kila upande ulikuwa na hakika kwamba angekuwa wao. Lakini nasema kweli, kwa muda ule mfupi niliona wanawake wasiosalimiana wakipokezana chetezo kimoja.

Maalim Khatib alipopata habari za ubani na maombi, alikasirika. Ijumaa baada ya sala akaja makaburini na umati wote nyuma yake. Mimi na Time tulikuwa mbele kabisa. Mama alikuja kunitafuta, akasimama mbali, nje ya mstari wa mizambarau, mgongo wake nusu umegeuka.

Maalim akasema kumheshimu shahidi ni jambo jema, lakini kumuomba miguu ya watoto ni jambo jengine, na anayetaka kitu amuombe Mola wake. Kisha huruma ikamshika, akaanza kumsifu marehemu. Akatuambia tumfikirie kijana huyu mdogo, aliyeacha mama na baba, aliyevuka bahari, ambaye katika nchi ya watu alitoa roho yake.

"Maalim," ikasema sauti nyuma, "roho sikuitoa."

Tukageuka. Ami Faki alikuwa amesimama kwa magongo yake, anahema, vumbi la gari la abiria bado liko kwenye kofia. Bibi ndiye aliyemtumia mtu Konde, aje aunusuru mguu wake.

"Hilo ni kaburi langu mimi," akasema. "Kipande changu. Mguu wa kushoto. Naomba radhi kwa waliopoteza ubani."

Maalim akalitazama kaburi, akamtazama Ami Faki chini na juu, zaidi chini. "Mguu," akasema.

"Mguu, Maalim. Ulikatwa hospitali ya Wete. Marehemu baba akaambiwa na wanavyuoni kwamba mguu wa aliye hai hauswaliwi, huviringwa kitambaa ukazikwa. Akaja akauzika."

"Ulipigwa risasi?" akauliza mmoja wa vijana, kwa matumaini.

Ami Faki akajiegemeza kwenye mzambarau. "Lau ningepigwa risasi ningekwambieni zamani, nisingemsingizia papa. Mimi nilirudi Bama mzima. Nimeshuka bandarini Wesha sina hata mkwaruzo. Lakini nilikuwa kijana, sijaoa, na nina mabuti ya jeshi ambayo hapa kwetu hakuna mwengine aliye nayo. Sikuyavua. Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuamkia watu, nayo miguuni. Ngomani nayo, kitandani nayo. Kisigino kikachubuka, nikaona haya kuchechemea mbele ya wasichana, nikakaza kamba. Mguu ukavimba, buti halitoki tena. Kule hospitali walikata buti kwanza, halafu mguu. Na wallahi nilichokisikitikia mwanzo ni buti."

Watu walishaanza kucheka, lakini yeye hakuwa amemaliza.

"Baba akapewa mguu kwenye kapu, akapanda nao gari la kurudi huku. Jirani yake garini akamuuliza, 'Mzee, leo umepata samaki gani?' Baba hakutaka kusema uongo, wala hakutaka kusema. Akamwambia, 'Askari.' Yule bwana akasema samaki huyo hamjui. Tangu hapo jina ndilo hilo."

Makaburi yale hayajapata kusikia kicheko kama kile. Bi Hija alikuwa amekaa chini kabisa. Maalim Khatib alijizuia kwa muda wa kuridhisha, kisha akauficha uso katika kilemba na mabega yakatikisika. Yule mama wa ng'ambo ya Konde ndiye aliyechelewa kufahamu, na alipofahamu alimtazama mwanawe, akamtazama Ami Faki, akasema basi kumbe hakukosea sana.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama baina ya kaburi fupi na kaburi la Shaame, na machozi yananitiririka mpaka kwenye kidevu. Askari wangu mdogo hakuwapo. Hakuwahi kuwapo.

Ami Faki ndiye aliyeniona. Akaja taratibu, akaweka magongo chini, akakaa mchangani, jambo lililomtaabisha. "Raya. Kuna n'ni?"

"Nilidhani Shaame ana ntu," nikasema.

Vicheko vikakatika, kimoja kimoja.

"Mama kasema hawezi kukaa peke yake. Nikataka kujua jirani yake ana tabia gani." Nikafuta pua kwa ushungi. "Sasa ni mguu tu."

Nilitegemea atanitania. Hakunitania. Aliuweka mkono wake juu ya lile kaburi lililopakwa chokaa, akafikiri.

"Umefanya vyema kuuliza," akasema. "Wakubwa wote hawa hawakuuliza. Na hakuna anayeujua mguu huu kuliko mimi. Niulize mie."

Nikamuuliza kama ni mgomvi.

"Umepiga mpira, na punda mmoja ambaye alianza yeye. Ntu, hata siku moja."

"Ni shujaa?"

"Uongo wa nini? Ni mwoga. Kule Bama mzinga ukilia, huo ulikuwa ukitetemeka kabla mwenyewe sijasikia. Mwenzake huu hapa alikuwa akivumilia, lakini huo, lo, ukigonga kama meno."

Nikawaza. "Shaame naye ni mwoga."

"Basi ndiyo vizuri. Wakikaa waoga wawili hakuna atakayemcheka mwenzake."

Lilibaki suali moja, lile ambalo Bibi huliuliza kwa kila jirani mpya. "Husengenya watu?"

"Mguu hauna mdomo, Raya," akasema Ami Faki. "Jirani asiye na mdomo, hebu tutajie nani hapa aliyempata."

Nyuma yetu, kutoka kwenye mizambarau, mtu akacheka. Kilikuwa kicheko cha mara moja, kama kilichomponyoka mwenyewe, na ilinichukua muda kukitambua kwa sababu sikuwa nimekisikia tangu masika. Mama alikuwa amegeuka, mkono mdomoni. Akacheka tena, akashindwa kujizuia, akainama akashika magoti, kanga ikamteleza. Kisha nikaona kicheko kinageuka. Sijui kiligeuka pahala gani. Alilia kwa sauti, mbele za watu, akiliita jina la mwanawe, na wanawake wale wale waliomsifu kwa subira wakamkimbilia wakamshika, wa chama hiki na wa chama kile, bila kuangalia nani kashika wapi. Maalim Khatib akasema tusome Fatiha kwa ajili ya Shaame na maiti wote wa Kiislamu. Ami Faki akauliza kama na mguu wake umo. Maalim akamwambia mguu umngoje mwenyewe.

Njiani Mama alinigombeza sana kwa kuleta fitina makaburini. Alisema Shaame hakuwa akimpa tabu kama ninavyompa mimi. Lilikuwa jina lake, kwenye mdomo wa Mama, katikati ya ugomvi wa kawaida, na mimi nikawa najikwaa makusudi ili aendelee.

Siku chache baadaye aliniambia nichukue mtungi wa maji, twende. Sikuuliza wapi. Tulipofika kwenye mizambarau akavua viatu, akakaza kanga, akatoa salamu kwa watu wa makaburini wote kwa pamoja, kama ilivyo desturi. Akamsalimia Bi Chumu kwa jina. Akachutama kwa mwanawe, akammwagia maji kidogo kidogo, akazungumza naye mambo ambayo sikuyasikia na sikutaka kuyasikia.

Akainuka. Alipotaka kuondoka macho yakamwangukia lile kaburi fupi, akasita. Niliona anatafuta la kusema, maana jirani hapitwi hivi hivi, na salamu ya mguu hatukufundishwa sote. Akalitazama, akajitengeneza ushungi.

"Nawe," akaliambia, tukaenda zetu.